Kahawa ya Baba Weli

Kameloh, ambaye kituo kizima cha kulelea orangutani yatima kilimwita Mama Elsi, alikuwa na chuki moja tu maishani, na aliitunza vizuri. Aliamka nayo, akaenda nayo kazini, akarudi nayo. Chuki hiyo ilikuwa na masharubu membamba na pengo la jino la mbele, na ilivuta sigara za karafuu. Jina lake Rangkap, baba wa Weli, dereva wa boti ya matunda.

Mumewe alimwambia mara nyingi aache. Pasta alimwambia. Binti yake Elsi alimwambia, tena kwa jeuri: "Mama, ungetupenda sisi kama unavyomchukia yule mzee, tungenenepa." Kameloh alicheka, akaendelea kuchukia.

Ili umwelewe, lazima uanze na Uwei.

Uwei aliletwa kituoni ndani ya boksi la tambi, mtoto wa orangutani, yule sokwe mwekundu wa mitini, wa mwaka mmoja hivi, uzito wake haufiki jogoo wa maana. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa kwa panga, na kidonda kilishaanza kunuka. Mgongoni alikuwa na risasi ndogo saba, zile za kupigia ndege. Daktari Hestu alitoa tano, mbili akaziacha kwa sababu zilikuwa karibu mno na uti wa mgongo. Karatasi iliyokuja na boksi ilisema mtoto amekabidhiwa kwa hiari na mwanakijiji mwema, na kwamba mama yake hajulikani alipo.

"Hajulikani alipo!" Kameloh alisema siku ile, akilipokea lile boksi. "Mama wa orangutani hamwachi mtoto miaka saba, leo eti hajulikani alipo. Kaenda sokoni?"

Alimweka kifuani, na mtoto akamshika kwa vile vidole vinane kama mwiba wa henzirani, ule mtambaa wa kusukia viti, unavyoshika shati. Ndipo akamwita Uwei, ambalo kwetu Kahayan ndilo jina la henzirani. Miezi sita Kameloh hakuweza kujikuna bila kumbandua kwanza.

Kazi ya mlezi si kazi ya kubembeleza tu, ingawa wageni wanaokuja na kamera hudhani hivyo. Saa kumi na moja alfajiri ni maziwa ya chupa. Saa moja walezi huwapakia watoto sita sita kwenye toroli na kuwasukuma hadi shule ya msituni, na njia nzima ni ugomvi: huyu kamvuta mwenzake nywele, yule kamkojolea jirani, mwingine karuka toroli kafuata kipepeo. Shuleni mwalimu ni mlezi mwenyewe. Kameloh, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye magoti yanayolia, alipanda miti. Alikunja matawi akaonyesha jinsi ya kutengeneza kiota. Alipasua kichuguu akala mchwa mbele ya darasa, akijilamba midomo, mpaka Lodia, mlezi mwenzake, akamuuliza kama anataka na pilipili. Alitafuna magome machungu na kujifanya ameonja asali. Mtoto aliyeshuka chini kucheza kwenye matope alifukuzwa kwa fimbo na makelele, maana ardhini si mahali pa orangutani.

Uwei hakuwa mwanafunzi mzuri. Alikuwa mvivu wa viota na hodari wa wizi. Aliiba sabuni, akaenda mtoni kusugua mawe kama alivyoona wanawake wakifua. Aliiba kofia ya Daktari. Mvua ikinyesha alikata jani pana akajifunika, na kama halikutosha alimnyang'anya mwenzake lake. Kameloh alimkemea kwa sauti na kumcheka kimoyomoyo.

Somo gumu lilikuja Uwei alipotimiza miaka mitano. Kuanzia hapo hakuna kukumbatiana, hakuna kuitana majina, barakoa usoni, na mtoto akikukimbilia unampa mgongo. Daktari Hestu, mtu wa Java, alilieleza bila kupindapinda: "Akizoea kumkumbatia kila mtu, ipo siku atamkumbatia mwenye panga." Basi Uwei alipokuja amenyoosha mkono wake wa vidole vitatu, Kameloh aligeuka, akaondoka. Alifanya hivyo siku baada ya siku. Usiulize ilimuumaje.

Lakini nimempita Rangkap. Yeye alitokea Uwei akiwa na miaka minne. Dereva wa zamani wa boti ya matunda alistaafu, wakaajiri mpya, na asubuhi ya kwanza darasa la Kameloh lilikuwa miti ya karibu na gati. Uwei alikuwa juu anakula shokishoki. Kutoka mtoni ikasikika mbinja: mbili fupi, moja ndefu, mwishoni mlio wa ulimi. Ndiyo mbinja ambayo sisi wa mto Kahayan, huko juu, tunaitia mbwa wa kuwindia.

Uwei aliachia shokishoki. Orangutani akiogopa hupanda. Yeye alishuka, akaanguka zaidi kuliko kushuka, akakimbia ardhini hadi kwa Kameloh, akamkojolea kifua kizima na kuficha uso kwenye kwapa lake. Alitetemeka hadi saa sita mchana.

Siku ileile Kameloh alimkuta yule dereva mpya jikoni, anateremsha mapapai.

"Baba Weli, wewe si umewahi kukaa huko juu, kwenye mashamba ya michikichi?"

"Miaka mitatu. Vipi, Mama Elsi, unatafuta kazi?"

"Nauliza tu. Kuna mtoto wangu mmoja katokea huko. Hana vidole viwili."

Rangkap alicheka, akafungua mdomo na kuonyesha pengo. "Unaliona hili? Mama yake ndiye aliyening'oa jino. Alinitupia tawi zima usoni, shetani yule! Mbwa watatu walishindwa, ikabidi tuangushe mti."

"Na vidole?"

"Vidole gani?"

"Vya mtoto, Baba Weli."

"Aa, hivyo. Aling'ang'ania manyoya ya mama yake, haachi. Sasa ungefanyaje?" Akainua kreti lingine la mapapai. "Lakini si nilimleta mwenyewe kwa mkono wangu? Wengine wangemuuza."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayesimulia alivyoparua samaki. Ndilo lililomchoma Kameloh. Angelia, angekana, pengine yangeisha hapo.

Alikwenda ofisini. Daktari Hestu alimsikiliza, akavua miwani, akaifuta. Alisema anajua. Ofisi nzima inajua. Rangkap ndiye yule mwanakijiji mwema wa kwenye karatasi, na ameajiriwa makusudi, ili wawindaji wengine waone kuna maisha mengine. "Mtu hubadilika, Mama Elsi."

"Kabadilika nini? Hata masharubu ni yaleyale."

"Mnyama yuko hai, anaendelea vizuri. Tuangalie mbele."

"Mama yake yuko mbele?" Kameloh aliuliza. Daktari akavaa miwani.

Kuanzia siku hiyo alikula yamini kwamba Rangkap atakiona cha mtema kuni, na kwa kuwa ofisi haikutaka kumwonyesha, atamwonyesha yeye. Alianza kidogokidogo. Siafu kwenye viatu vya mpira. Maganda ya doriani yenye miiba chini ya turubai anakokalia. Chumvi kwenye sukari yake. Siku moja alimfungia kamba ya boti kwa fundo ambalo Rangkap alihangaika nalo hadi jua likawa utosini, na matunda yakaiva mengine yakaoza. Rangkap alidhani ana mkosi, akaenda kutambikiwa. Lodia, ambaye aliona yote na kufurahia mengi, alisema, "Mwenzangu, ukiendelea hivi utamfanya awe mcha Mungu."

Lakini siafu si malipo ya vidole viwili na mama. Kameloh alilijua hilo. Miaka minne ilipita chuki ikiwa palepale, imetulia, inangoja kitu cha ukubwa wake.

Kitu hicho tunacho, kila mmoja wetu, ni vile tu hatukitumii. Kwetu chakula ukishakaribishwa lazima ukiguse. Huna njaa? Una haraka? Chovya kidole, gusa midomo, jipake shingoni, uende zako salama. Ukiondoka bila kugusa umeingia kwenye pahuni: nyoka anakungoja njiani, mti unakuangukia, mto unakugeuka. Na katika vyakula vyote, kahawa na wali wa kunata ndivyo vibaya zaidi kuviacha. Ndiyo maana mwenye adabu hamkaribishi mtu aliyekwisha kuingia botini. Kumwonyesha msafiri kahawa ambayo mkono wake haufiki ni sawa na kumtega. Daktari Hestu alipofika alilicheka jambo hili. Mwaka wa pili, akaonekana anachovya kidole kwenye kahawa ya watu huku ameangalia kando.

Siku ya Uwei ikafika. Alikuwa na miaka minane, viota vyake vilishashika, na alishaanza kuwatupia walezi matawi. Angepelekwa kisiwani, nusu saa kuteremka mto, akaishi na wenzake bila mtu, akiletewa chakula cha nyongeza kwa boti mpaka asikihitaji tena. Boti kubwa ingembeba saa mbili asubuhi. Walezi hawaendi. Ni sheria, kwa sababu mnyama akimwona mlezi wake hapandi mti.

Asubuhi ile Kameloh alipita zahanati. Uwei alishachomwa sindano ya usingizi, amelala ndani ya kizimba cha chuma, mkono wa vidole vitatu umetoka kati ya nondo. Kameloh alitazama kulia na kushoto. Akavishika vile vidole mara moja, akaviachia.

Kisha, badala ya kulia, akaenda jikoni kupika kahawa.

Alishapiga hesabu zake. Watu wote wangekuwa gati la juu kwenye boti kubwa. Rangkap angekuwa peke yake gati la chini, akijiandaa kupanda mto kuchukua doriani, safari ya saa tatu, mto umejaa magogo baada ya mvua. Alikoroga kahawa nzito, akatia sukari hadi kijiko kikasimama. Akafunga na wali wa kunata kwenye jani la mgomba, akautia kifuani. Moyo wake ulikuwa mwepesi namna ambayo haukuwahi kuwa kwa miaka minne.

Rangkap alikuwa amesimama botini, injini inanguruma. Kameloh aliinama kwanza akafungua kamba, polepole, akaitupa. Boti ikaanza kuachana na gati. Ndipo akainuka na glasi mkononi.

"Baba Weli! Karibu kahawa. Na wali wa kunata upo, wa moto."

Rangkap aligeuka akitabasamu. Akaona glasi. Akaona maji kati yake na gati. Tabasamu likatoweka.

"Mama Elsi, unafanya nini? Lete nishike!"

"Aa, naona una haraka. Basi, utaikuta ukirudi."

"Lete nishike, mama! Usinifanyie hivyo!" Alinyoosha mkono, akakaribia kutumbukia. Kameloh akarudi nyuma hatua mbili, glasi kifuani, anamtazama usoni. Alitaka aelewe. Na Rangkap akaelewa, maana mkono ulishuka wenyewe.

"Ni kwa ajili ya yule," alisema.

"Ni kwa ajili ya mama yake," Kameloh akajibu. "Safari njema."

Kama mambo yangeishia hapo, Kameloh angesema hadi leo kwamba ile ndiyo asubuhi tamu kuliko zote alizopata kuziona. Lakini Rangkap alipokuwa anageuza boti arudi gatini, sauti ya Daktari Hestu ilikuja kutoka gati la juu.

"Rangkap! Leta boti huku! Kubwa imegoma kuwaka!"

"Daktari, ngoja kidogo, nina—"

"Hakuna kungoja! Dawa inaisha, mnyama anaamka! Sasa hivi!"

Rangkap alimtazama Kameloh mara moja, kisha akapandisha boti. Kameloh alibaki amesimama, bado anachekelea, bado hajajua. Mpaka alipoona wanaume wanne wanateremka ngazi za gati la juu na kizimba mabegani.

Akafunika glasi kwa kiganja.

Alikimbia. Magoti yake yalilia na hakuyasikiliza. Alipofika gati la juu boti ilishachukua mkondo: Rangkap nyuma kwenye injini, Daktari mbele, katikati kizimba. "Simameni!" alipiga kelele. "Ngojeni! Daktari! Ngojeni!" Daktari Hestu aligeuka, akamwona mlezi anakimbia kando ya mto anapunga mkono, akadhani ni uchungu wa kuachana na mtoto. Akampungia kwa huruma. Kisha akamwambia Rangkap aongeze mwendo, ili mnyama asije akasikia sauti ya mama yake.

"Lodia!" Kameloh aliita. "Lodia, washa mtumbwi!"

Lodia alikuwa anaosha mtumbwi mdogo wa kulishia, wenye injini yake ya kikohozi. Alitazama. "Tunakwenda wapi na kahawa?"

"Washa kwanza, utauliza njiani!"

Aliuliza njiani. Kameloh alimweleza kwa maneno manne matano, amekaa mbele, glasi kaifunika kwa kiganja.

"Wewe mwanamke," akasema Lodia. "Ulimkaribisha mtu akiwa botini?"

"Nilimkaribisha yeye. Sikumkaribisha Uwei."

"Na mto utajuaje kuchagua?"

Kameloh alikuwa ameshaliuliza swali hilo mwenyewe tangu gatini. Katika miaka minne ya kupanga hakuwahi kuogopa, na sasa aliogopa. Orangutani hajui kuogelea. Ndani ya chuma, hata anayejua hawezi.

"Ongeza moto, Lodia."

"Nimeongeza. Hii ni injini, si mume wangu, haisikii matusi."

Waliwaona baada ya kona ya pili. Boti ilikuwa imekaa upande juu ya gogo kubwa lililozama, nyuma imeinuka, rafadha imevunjika na injini imezimika. Maji yalikuwa yanaingia ubavuni. Daktari alikuwa anayachota kwa kofia. Rangkap alikuwa amekikumbatia kizimba kwa mikono miwili, amekanyaga ukingo, anazuia kisiteleze.

Alipoona mtumbwi, alifanya kosa. Pengine ni hofu, pengine ni mazoea tu. Alipiga mbinja: mbili fupi, moja ndefu, na mlio wa ulimi.

Ndani ya kizimba Uwei aliamka mzimamzima. Alijirusha ukuta hadi ukuta, akipiga mayowe ambayo Kameloh hakuyasikia tangu mwaka wa kwanza, na kila alipojirusha kizimba kilisogea kiasi cha kiganja kuelekea majini.

"Funga mdomo!" Kameloh alimwakia. "Funga huo mdomo wako, muuaji wee!"

"Kahawa!" Rangkap naye akalia. "Mama Elsi, nakuomba! Lete!"

Mtumbwi ulifika ubavuni. Kameloh alisimama, akamnyooshea glasi, na kwa muda mfupi sana, nao alikuja kuukiri kwa Lodia peke yake, mkono wake haukutaka. Uso ule ulikuwa karibu yake, pengo wazi, jasho linatiririka, hofu imemjaa hadi machoni. Ndicho hasa alichokitamani. Kizimba kikasogea tena. Akasukuma glasi hadi kidevuni kwake.

Mikono ya Rangkap ilikuwa imeshika chuma, hakuweza kuiachia. Akachovya ulimi. Kameloh akachovya kidole chake mwenyewe ndani ya kahawa, akampaka midomo, akampaka shingo, kulia na kushoto, kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria.

"Ninyi watu!" Daktari Hestu alipiga kelele, kofia imejaa maji. "Ndiyo saa ya kunywa kahawa hii?"

"Daktari, shika huku," alisema Lodia, "nawe chovya, haitakudhuru."

Rangkap akajitosa. Maji yalimfika kidevuni, akatia bega chini ya kizimba, na kwa kuvuta kwa wanawake wawili na kusukuma kwa wanaume wawili, kikaingia kwenye mtumbwi. Ukingo wa chuma ulimchana bega, damu ikatoka. Hakulia. Alining'inia kwenye mtumbwi, anahema. Uwei alikuwa amenyamaza, amejikunja kwenye kona, kichwa amekifunika kwa mikono.

Walibaki wote watano kwenye chombo kidogo, maji yanagusa ukingo, na ikawa hakuna njia ila kuendelea mpaka kisiwani. Daktari aliikumbuka sheria ya walezi, akafungua kinywa, akamtazama Kameloh, akakifunga.

Ni Rangkap aliyeanza kusema. "Mbinja ile, Mama Elsi. Unajua nani alinifundisha?"

"Sitaki kujua."

"Baba yako. Nilikuwa kijana, nilimbebea mikuki. Nawe ulikuwa mtoto unatungoja mtoni na sufuria."

Kameloh alitazama maji. Aliifahamu mbinja ile kabla ya Uwei kuzaliwa, kabla hata ya kujua kusoma. Ilipokuwa ikisikika kutoka ng'ambo ya mto, yeye na mama yake walikoka moto kwa furaha. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kituoni kilichopikwa kwenye sufuria ile. Akavaa barakoa yake.

Kisiwani walikishusha kizimba chini ya mti mkubwa. Daktari aliagiza wote warudi hadi majini, lakini mlango ulikuwa umepinda, ikabidi Kameloh avute upande mmoja na Rangkap mwingine. Ukafunguka ghafla. Uwei akatoka.

Alisimama kwa miguu miwili, akawatazama. Kama angenyoosha ule mkono, miaka mitatu ya kumpa mgongo ingekuwa bure, na Kameloh alijua kwamba mbele za Mungu na Daktari asingeweza kugeuka tena. Alikuwa anauomba mkono ule na kuukataa kwa wakati mmoja.

Uwei hakunyoosha kitu. Aliparamia mti bila kutazama chini, akapanda hadi penye matawi mazito, na huko juu akafanya midomo kama anayebusu na kutoa ule mlio mkali wa hasira ambao Kameloh mwenyewe alimfundisha kwa mdomo wake. Akavunja tawi kwa vidole vyake vitatu, akalirusha. Likamkosa Rangkap. La pili lilimpata Kameloh juu ya jicho, sawasawa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kuongeza, akawakojolea wote wawili.

Lodia, kule majini, alicheka hadi akakaa chini. Daktari Hestu alipiga makofi mara moja, akajizuia.

"Kafaulu," alisema Kameloh. Damu iliingia jichoni, na machozi yakaja pamoja nayo, hata hakujua analia lipi.

Kurudi mtumbwi ulikuwa mwepesi. Kameloh alitoa jani la mgomba kifuani, wali umepondeka, akamtupia Rangkap mapajani.

"Kula."

"Nilishagusa kahawa."

"Kula wote! Nataka uishi, Baba Weli. Uishi miaka mingi, uwe unaleta chakula kisiwani kila wiki, na kila wiki akuone, akuchukie, akutupie tawi mpaka siku moja likupate."

Rangkap alikula. Alikula tonge mbili, tatu, akitafuna upande wenye meno. Kisha akamtazama kwenye jicho, pale lilipokuwa limevimba na kufumba.

"Limempata nani leo?" akauliza, wala hakuuliza kwa dhihaka.

Glasi ilikuwa bado miguuni pa Kameloh, imebaki kidogo chini, baridi, imeingia maji ya mto. Akakumbuka kwamba kahawa ile aliipika mwenyewe, akakimbia nayo asubuhi nzima, na yeye mwenyewe hakujipaka hata tone. Akachovya kidole, akajipaka shingoni.